Kuvuna mboga kwenye joto la Januari: niliyoongea na wakulima Tengeru, Arusha

Sogeeni mbele jamani, hapo nyuma jua litawachoma. Leo siongelei mbolea wala mbegu, naongelea saa unayovuna.

Huku chini ya Mlima Meru Januari na Februari ndo joto lenyewe. Wenzetu Ulaya wanavuna sana Julai na Agosti, sisi muda huo tuko kwenye masweta, kwaiyo zile kalenda za mtandaoni angalia kwanza ni za wapi. Joto likikolea mboga hazikusubiri: bamia ukiichelewesha siku mbili tatu tu ishakuwa nyuzi tupu, na tango ukiliacha likomae kwenye mmea, mmea unapunguza kuzaa mengine. Toa hata kama bei haifurahishi.

Sasa saa. Mboga ukiikata haijafa, bado inapumua, na joto likipanda nyuzi 10 kupumua kwake kunaongezeka mara mbili hata tatu, inakula akiba yake yenyewe, maji yanatoka kwenye majani na mizizi ya kuyarudisha umeiacha shambani. Ndo maana mnavu wa saa saba mchana ukifika soko la Kilombero pale Arusha umeshalala na dalali anakupangia bei anayotaka yeye. Mchicha, mnavu, figiri, kata alfajiri, weka kivulini hapo hapo, usisubiri pikipiki. Nyanya ni tofauti kidogo, acha umande ukauke kwanza maana unyevu unaleta kuoza.

Alafu kuna hili la nyanya kuwa za njano njano, watu wanamlaumu muuza mbegu. Mara nyingi ni joto! Likivuka nyuzi 30 ile rangi nyekundu haitengenezwi vizuri, ya njano inaendelea. Kama mzigo unaenda Dar, chuma ikianza tu kubadilika rangi, iivie kivulini, na utumie kreti, tenga linaminya za chini mpaka zinatoa maji.

Mama pale ameuliza friji atatoa wapi. Huhitaji. Jenga kibanda kidogo, kuta za waya mbili mbili, katikati jaza mkaa, mwagia maji kutwa, maji yakikauka yanaondoka na joto na ndani panapoa. Kiangazi kibanda hiki kinafanya kazi vizuri kwa sababu hewa ni kavu, masika usikitegemee sana.

La mwisho, na hili linaniudhi. Kantangaze, yule mdudu anayetoboa majani na matunda ya nyanya, tangu aingie nchini 2014, kwenye joto anazaliana haraka haraka, kwaiyo mtu anapiga dawa leo jioni, kesho asubuhi anachuma anapeleka sokoni Jumamosi. Kwenye chupa pameandikwa siku za kusubiri kabla ya kuvuna, kila dawa na zake. Maandishi yakiwa madogo mpe mtoto akusomee. Na kama nyanya zimeshaiva na siku hazijatimia, bora uchume kwanza ndo upige.

Haya, maswali.