Uti wa Mgongo na Mbavu: Mifupa Isiyotulia

Asanteni kwa kufika. Kabla sijaonyesha mchoro hata mmoja, naomba kila mtu aweke viganja ubavuni, chini kidogo ya makwapa, kisha avute pumzi taratibu. Mmesikia viganja vikisukumwa nje? Basi hoja yangu ya leo mmeishika mikononi. Wengi wetu tukitazama mifupa ya kifua huona ukuta wa kuulinda moyo na mapafu. Ulinzi upo, sikatai, lakini kama kazi ingekuwa hiyo tu, tungepewa mfupa mmoja mpana kama wa fuvu na mambo yakaisha. Kifua kimegawanywa vipande vipande kwa sababu ni lazima kicheze, usiku na mchana, zaidi ya mara 20,000 kwa siku.

Tuanzie nyuma. Inamisha kichwa, halafu teremsha kidole katikati ya shingo mpaka kikutane na kinundu kilichochomoza kuliko vingine. Mara nyingi hiyo ndiyo pingili ya saba (pingili ni kila kipande cha mfupa wa uti wa mgongo), ya mwisho ya shingo. (Twiga naye, pamoja na shingo yote ile, anazo saba tu.) Chini yake zipo 12 za kifua, 5 za kiuno, 5 zilizoungana zikawa mfupa mmoja katikati ya nyonga, na mwisho kifandugu, ambacho kwa kawaida kina vipingili 4. Jumla 33. Kwa mtu mzima, kwa kuwa za chini zimeshaungana, tunahesabu mifupa 26.

Pingili hizi hazifanani, na sababu ni kazi. Za shingo zimepewa wepesi. Ya kwanza, atlasi, ni kama pete tu. Ya pili ina jino la mfupa linalosimama ndani ya pete hiyo. Ukitikisa kichwa kukubali, kiungo kinachofanya kazi zaidi ni kile cha fuvu na atlasi. Ukikataa, ni atlasi inayozunguka kwenye lile jino. Za kiuno ni nene, zimepewa mzigo: hukuruhusu kuinama na kujinyoosha, ila kujizungusha ni kidogo sana. Ukigeuka kutazama nyuma, karibu kazi yote inafanywa na shingo na kifua.

Kati ya pingili kuna diski 23, zenye kiini laini chenye maji mengi na pete ngumu za nyuzi kuzunguka kiini hicho. Kutwa nzima uzito wa mwili hukamua maji hayo, ndiyo maana jioni mtu huwa mfupi kwa sentimita moja hivi kuliko alivyoamka. Akilala, maji hurudi. Pete ikichanika, kiini hutokeza na kubana mzizi wa neva, na mara nyingi hilo hutokea kwenye diski mbili za mwisho za kiuno, zenye mzigo mkubwa kuliko zote.

Hapa niseme jambo kuhusu sindano ya mgongoni, maana najua inavyoogopwa. Watu hudhani itauchoma ugwe wa mgongo, ile kamba ya neva inayopita ndani ya pingili, na mgonjwa apooze. Lakini kwa mtu mzima ugwe huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Kuendelea chini ni neva zinazoning'inia ndani ya maji, na sindano ikija huwa zinasogea. Daktari hupapasa vilele vya mifupa ya nyonga kulia na kushoto; mstari unaoviunganisha hupita kwenye pingili ya nne ya kiuno. Sindano huingia juu au chini ya pingili hiyo, mbali na ugwe wenyewe.

Sasa mbavu. Jozi 12, kwa mwanamume na kwa mwanamke vilevile; Vesalius, bingwa wa anatomia, alishaliandika hilo mwaka 1543 na bado naulizwa kila mahali. Jozi 7 za juu hufika kwenye kidari, mfupa wa katikati ya kifua, kila ubavu kwa gegedu yake, yaani ile sehemu laini inayopindika kuliko mfupa. Ya 8, ya 9 na ya 10 hujishikiza kwenye gegedu ya ubavu ulio juu yake. Mbili za mwisho huishia kwenye misuli.

Ukitaka kuzihesabu, usianze na ubavu wa kwanza. Umejificha nyuma ya mtulinga. Weka kidole kwenye kibonde cha chini ya koo, shuka kama sentimita 5 mpaka usikie tuta linalokatiza kidari. Kando ya tuta hilo ndipo ulipo ubavu wa pili. Endelea kuhesabu kutoka hapo.

Kila ubavu umeungwa na uti kwa nyuma, kisha unateremka ukija mbele. Ukiinuliwa, mbavu za juu hukisukuma kidari mbele, na za chini hufunguka pembeni kama kishikio cha ndoo kinavyoinuka. Wakati huohuo diaframu, msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, inashuka. Ukiwa umetulia, ndiyo inayobeba kazi kubwa. Nafasi ya ndani inaongezeka, shinikizo linapungua, hewa inaingia yenyewe. Mapafu hayana msuli wa kujitanua. Yanafuata kifua kinakokwenda.

Ukingo wa chini wa kila ubavu una mfereji mwembamba, ndani yake mna vena, ateri na neva. Kwa hiyo daktari anayetoa maji kifuani hupitisha sindano juu kabisa ya ubavu, akikwangua ukingo wake wa juu, asiiguse mishipa hiyo.

Ubavu ukivunjika, kila pumzi ni maumivu. Zamani walimfunga mgonjwa kifua kwa kitambaa kilichokazwa, na ukidhani kifua ni ukuta, utaona walifanya vyema. Siku hizi hatufungi. Aliyefungwa huvuta pumzi fupifupi, makohozi yanabaki ndani, na nimonia inafuata. Tunampa dawa ya maumivu ili aweze kuvuta pumzi ndefu na kukohoa, huku tukichunguza wengu ikiwa zimevunjika za chini kushoto, na ini ikiwa ni za kulia. Hatari zaidi ni mbavu 3 au zaidi zinazofuatana, kila moja ikiwa imevunjika mahali pawili: kipande hicho hujitenga, kifua kikipanuka, chenyewe hubonyea ndani. Huyo apelekwe hospitali mara moja. Wengine wengi mbavu zao huunga zenyewe kwa muda wa wiki 6 hivi, bila plasta, na muda wote huo zinaendelea kucheza.

Karibuni maswali.