Demani Mkononi: Dharuba ya Ghafla Kwenye Boti Ndogo ya Tanga

MWANAIDI: Hamjambo wasikilizaji, karibuni tena. Leo tuna boti ndogo, futi 16 hadi 20, tanga kubwa na tanga dogo la omo, yaani la mbele ya boti, watu wawili au watatu ndani. Kaka Bakari, kusi imekaza wiki hii nje ya Raskazone, hapa Tanga.

BAKARI: Imekaza, Dada Mwanaidi, lakini kusi iliyokaza sawasawa haina neno. Chombo kinaizoea, nanyi mnaizoea. Inayopindua watu ni dharuba. Ulikuwa na kilomita 20 kwa saa, mara ghafla ni 30, kwa nusu dakika hivi, kisha unarudi ulipokuwa.

MWANAIDI: Kumi tu zimeongezeka.

BAKARI: Hapo ndipo hesabu inapowaponza watu. Nguvu ya upepo kwenye tanga inakwenda kwa kasi mara kasi. Toka 20 hadi 30, nguvu ni mara mbili na robo. Toka 20 hadi 40, mara nne. Nyinyi wawili mlikuwa mmekaa ukingoni mnaisawazisha boti vizuri. Kwa 30 tu wanatakiwa watu wanne na zaidi, na wa kuongeza hawapo.

MWANAIDI: Ndiyo maana Mamlaka ya Hali ya Hewa wakitoa tahadhari ya upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, sisi tunasema boti ya futi 16 ikae mchangani. Hilo halina mjadala. Tuzungumzie siku za kawaida. Dharuba inaonekana kabla haijafika?

BAKARI: Mchana, mara nyingi ndiyo. Tazama upande wa joshi, unakotoka upepo. Utaona bapa jeusi juu ya maji, kama mtu kamwaga wino, na ndani yake viwimbi vidogo vimesongamana. Linakuja kwako. Mmoja awe na kazi hiyo peke yake: atazame joshi, ahesabu kwa sauti. “Tano, nne, tatu.” Anayeshika kana, mti wa usukani, hawezi kutazama omo, tanga na bahari kwa wakati mmoja.

MWANAIDI: Na vyombo vya wenzako pia ni macho. Mashua iliyo mbele yako upande wa joshi ikilala ghafla, zamu yako inakuja. Ukiona wavuvi wanatua tanga na wewe hujui sababu, tua kwanza, sababu utaijua baadaye.

BAKARI: Kuna dharuba isiyoandika kitu majini: ile ya kutoka kivulini. Hapa Tanga tunazo nyingi. Ukipita nyuma ya kisiwa cha Toten, au ubavuni mwa meli iliyotia nanga, upepo unakufa, tanga linalegea. Watu hufanya nini? Hukaza demani, ile kamba ya kukaza na kulegeza tanga, ili boti isogee, na wanaingia kati wakae sawa. Mita chache mbele kivuli kinaisha, upepo wote unawapiga ubavuni, boti haina mwendo, tanga limekazwa, watu wamekaa kati.

MWANAIDI: Makosa matatu kwa mpigo.

BAKARI: Sawasawa. Ukikaribia mwisho wa kivuli, legeza demani kiasi cha urefu wa mkono mmoja, kaa tayari kutoka ukingoni, na ubaki na mwendo kidogo. Boti isiyo na mwendo haina usukani. Maji yasipopita kwenye ubao wake, kana ni mti tu.

MWANAIDI: Wingu nalo? Masika yale mazito.

BAKARI: Wingu jeusi lenye pazia la mvua chini yake linamwaga hewa baridi. Hewa ile ikigonga bahari inatawanyika pande zote, na inatangulia mvua. Dalili ni kwamba upepo wako wa kawaida unazimika, kunakuwa kimya, kisha unasikia ubaridi usoni. Ubaridi ukifika umechelewa. Kazi ya tanga iishe wakati wa ule ukimya. Na usitegemee itokee upande ule ule wa upepo wa awali, inaweza kugeuka kabisa.

MWANAIDI: Haya, imefika. Mkono wa kwanza unafanya nini?

BAKARI: Demani. Demani kwanza, kana baadaye. Wengi wanapokea dharuba kwa kana, wanaivuta kwa nguvu zote, na boti inazidi kuwashinda. Sababu yake ni hii. Boti ikilala, mvuto wa tanga unatoka nje juu ya maji, upande wa pili, na unausukuma omo kugeukia upepo. Ubao wa usukani nao umeinuka nusu nje ya maji. Unavuta kana, ubao unakaa mshazari, maji hayaushiki tena. Sasa ni breki, hauongozi kitu. Hata uvute hadi kana ivunjike.

MWANAIDI: Kwa hiyo unalegeza kiasi gani?

BAKARI: Nusu mita hadi mita moja ya kamba, pale pale dharuba inapogusa. Usisubiri boti ilale ndipo ulegeze. Wakati huo huo uzito unatoka ukingoni, mabega nje. Kama mnakwenda joshi, sogeza kana kidogo, omo ukaribie upepo nyuzi tano hivi, ukingo wa mbele wa tanga utetemeke. Boti ikisimama na kupata mwendo, kaza tena polepole. Dharuba iliyopokewa hivyo inakupa kasi.

MWANAIDI: Tanga dogo la omo, tuliachie pia?

BAKARI: La, si kwanza. Ukiliachia hilo huku kubwa limekazwa, nguvu yote inabaki nyuma ya mlingoti, boti inageukia upepo bila kuuliza. Legeza kubwa. Dogo linausaidia omo ubaki ulipo. Kama kubwa limeachiwa lote na boti bado inalala, hapo achia na dogo.

MWANAIDI: Nina neno kuhusu kile kibano cha meno cha kufungia demani. Kwenye boti ndogo, demani ya tanga kubwa isifungwe kukiwa na dharuba. Wala usiizungushe kiganjani kama kamba ya mbuzi. Ikivutwa itaondoka na vidole vyako. Mkono ukichoka, dawa ni kamba nene kidogo, milimita 10 badala ya 6, na roda, vigurudumu vya kupitishia kamba, za kutosha kupunguza mzigo.

BAKARI: Na roda zioshwe kwa maji yasiyo na chumvi. Chumvi ikishika, kamba haikimbii. Jaribu mkiwa ufukweni: twekeni tanga, kaza demani, kisha achia tu, usiisukume. Mti wa chini wa tanga uende wenyewe mpaka mwisho. Ukikwama njiani, baharini utakwama vile vile.

MWANAIDI: Sasa tumepewa ubavu. Upepo unatoka pembeni, boti inakimbia.

BAKARI: Hapo ndipo patamu na ndipo pabaya. Kuna kamba inayouvuta mti wa chini kuelekea shina la mlingoti, uzuie usipande. Ikiwa imekazwa sana na boti ikalala, ncha ya mti inagusa maji. Ikishagusa, demani umeachia lakini tanga haliendi, maji yamelizuia, na boti inapinduka ukiwa na kamba tupu mkononi. Kwa hiyo kwenye ubavu wenye dharuba, kamba ile ilegezwe mapema, juu ya tanga kufunguke, upepo uvuje.

MWANAIDI: Na tukiwa na upepo wa nyuma? Maana huko mambo yanageuka.

BAKARI: Yanageuka kabisa. Upepo wa nyuma ukija na dharuba, usigeukie joshi. Boti ina kasi, ukiigeuza inajitupa ubavuni na kulala. Ifuate dharuba, omo uelekee unakokwenda upepo. Ila usifike upepo wa nyuma kabisa. Acha nyuzi 15 au 20. Ukipitiliza, upepo unashika tanga kwa nyuma na ule mti unaruka toka upande huu hadi ule, kichwa chako kikiwa katikati. Na ile kamba ya shina la mlingoti, huku isilegee. Ikilegea, juu ya tanga kunakwenda mbele na boti inayumba upande wa joshi, ule ambao hakuna aliyejiandaa nao.

MWANAIDI: Dharuba zikifuatana, kulegeza kila dakika si kusafiri. Tupunguze tanga.

BAKARI: Kipimo changu: demani ikiwa imelegezwa muda mwingi kuliko ilivyokazwa, tanga ni kubwa mno. Mmoja ashike kana, boti iende joshi taratibu kwa tanga dogo. Legeza demani na ile kamba ya shina la mlingoti. Shusha henza, kamba ya kupandishia tanga, hadi alama, na alama iwe imetiwa rangi mkiwa nchi kavu. Funga kwanza tundu la mbele la tanga, kwenye mlingoti. Kaza henza. Ndipo uvute tundu la nyuma, chini na nyuma, tanga linyooke. Vikamba vya katikati ni vya kukusanya kitambaa tu, vifungwe vilegee.

MWANAIDI: Hapo ndipo matanga yanapochanika.

BAKARI: Ndiyo. Wakianza na tundu la nyuma, au wakikaza vile vikamba, mzigo unakaa kwenye vitundu vidogo na kitambaa kinachanika mstari mzima. Kwenye mashua zetu hakuna shida hiyo, nahodha anabeba tanga dogo na kubadilisha.

MWANAIDI: Ikipinduka licha ya yote?

BAKARI: Hesabuni watu kwanza, kwa sauti, mpaka kila mmoja aitikie, mtu hunaswa chini ya tanga. Hakuna anayeogelea kuelekea kisiwa cha Ulenge hata kama pwani inaonekana. Boti inaelea, nayo inaonekana kuliko kichwa. Achieni demani zote mbili. Mmoja aende omo aushike, boti ielekee upepo. Mwingine apande kwenye ubao wa mkuku, ule unaotokeza chini ya boti, karibu na tumbo la boti asije akauvunja, ashike kamba ya tanga la omo iliyo juu na ajilaze nyuma kwa uzito wote.

MWANAIDI: Kwa nguvu za ghafla?

BAKARI: Polepole. Tanga limebeba maji, yanahitaji muda wa kumwagika. Mlingoti ukishatoka majini boti itaruka yenyewe, kwa hiyo wa kwenye ubao ajitayarishe kuingia, na ndoo iwe imefungwa kwa kamba, la sivyo imeshaelea kwenda Sahare.