Mbegu Iliyokatizwa: Jenetiki ya Zabibu Zisizo na Kokwa

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, wanafunzi, na nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kunisikiliza, ahsanteni. Sina utangulizi mrefu. Nitakwenda moja kwa moja kwenye tunda.

Chukua zabibu ya kijani isiyo na mbegu, ile iitwayo Thompson Seedless, uipasue kwa wembe kuanzia kwenye kikonyo hadi nchani. Ndani ya nyama, karibu na mishipa inayopita katikati, utaona vitu vidogo viwili au vitatu, vyeupe au vya hudhurungi hafifu, vyenye umbo la mbegu. Viguse kwa ukucha: ni laini, vinapondeka. Hayo ni masalia ya mbegu. Tunda hili lilianza kutunga mbegu, zikakua kwa muda, kisha zikakoma. Leo nataka tujue zilikomea wapi, kilichozikomesha ni nini, na kwa nini tunda lenyewe halikupukutika pamoja nazo.

Turudi kwenye ua. Ovari ya mzabibu ina vyumba viwili, na kila chumba kina ovuli mbili, yaani vianzio vya mbegu, ndiyo maana zabibu ya kawaida haizidi mbegu nne. Chavua ikitua na kuotesha mrija wake, hushusha chembe mbili za kiume. Moja inarutubisha yai, na hapo kinaanza kiinitete. Ya pili inaungana na seli nyingine ndani ya ovuli na kuanzisha endospemu, yaani akiba ya chakula cha kiinitete. Kinachovizunguka vyote viwili ni ganda la mbegu, na ganda hilo ni tishu ya mama peke yake, chavua haina mchango wowote humo. Naomba mliweke hilo akilini, kwa sababu mshukiwa wetu anaishi kwenye ganda.

Zipo njia mbili za mzabibu kuzaa tunda lisilo na mbegu. Ya kwanza ni pathenokapi: tunda linakua bila urutubishaji kukamilika. Mfano wake mashuhuri ni Korinthi nyeusi, ambayo ovuli zake zina kasoro tangu mwanzo. Chavua inaliamsha ua, lakini mbegu haianzi kabisa. Zabibu zake ni ndogo mno, na karibu zote huishia kukaushwa. Sitakaa sana hapo. Njia ya pili, na ndiyo inayojaza mashada ya zabibu za mezani duniani kote, huitwa stenospemokapi. Hapa urutubishaji unafanyika kama kawaida, kiinitete kinaanza, endospemu inaanza, halafu wiki chache baada ya maua kuchanua endospemu inaharibika, ganda linashindwa kukomaa, na kiinitete kinabaki kimekwama au kinakufa.

Aina mama ya njia hii ya pili ni Sultanina, mzabibu wa kale kutoka upande wa mashariki ya Mediterania na Uajemi, unaoitwa pia Kishmish. William Thompson aliupanda California katika miaka ya 1870, na huko ukapewa jina lake. Kwa hiyo nikisikia mtu anakataa zabibu hizi eti zimetengenezwa maabara, huwa nasikitika kidogo. Sultanina ilikuwepo karne nyingi kabla neno jenetiki halijaundwa. Mkulima fulani aliona tawi au mti wenye tunda la ajabu, akakata pingili, akachomeka ardhini. Basi. Mimea yote ya Sultanina ni pingili za pingili za mzabibu mmoja.

Sasa, kwa nini tunda halianguki? Tunda la mzabibu hukua kwa awamu tatu. Kwanza seli zinagawanyika kwa kasi na asidi zinajikusanya, hasa ya tartariki na ya maliki. Tunda linabaki gumu, la kijani na chachu. Kisha ukuaji unapungua kasi, na huo ndio wakati mbegu zinapokomaza ganda lake. Halafu ghafla, ndani ya siku chache, tunda linalainika, sukari inamiminika, asidi ya maliki inapungua, na kwenye zabibu nyekundu na nyeusi rangi inaingia. Mbegu changa ni kiwanda cha homoni, hasa oksini na jiberelini, na homoni hizo ndizo zinazoiambia ovari ikae na ikue. Katika Sultanina mbegu zinaishi muda wa kutosha kutoa ujumbe wa kwanza, kwa hiyo tunda linashika. Lakini ujumbe unakatika mapema, na tunda linabaki dogo. Hata kwenye aina zenye mbegu utaona hivyohivyo: katika kichala kimoja, zabibu yenye mbegu tatu kwa kawaida huizidi kwa ukubwa ile yenye moja.

Ndiyo maana wakulima wa zabibu za mezani hunyunyizia jiberelini. Historia ya homoni hii inapendeza. Mwaka 1926 Mjapani Eiichi Kurosawa alionyesha kwamba ugonjwa unaorefusha miche ya mpunga kupita kiasi hadi ianguke unatokana na kitu kinachotolewa na kuvu. Kitu hicho ndicho jiberelini. Mkulima anayeinyunyizia kwenye Thompson anajazia homoni ambazo mbegu zilizokufa zingetoa, na tunda linaweza kufikia uzito mara mbili au zaidi. Wajapani wamekwenda mbali zaidi na aina ya Delaware, ambayo kwa asili ina mbegu: wanachovya vichala kabla ya maua kuchanua ili mbegu zisitunge, kisha wanachovya tena baadaye ili tunda likue. Homoni ileile, wakati tofauti, kazi mbili zinazoonekana kupingana.

Tuingie kwenye jeni. Mzabibu una kromosomu 38, yaani jozi 19, na tangu mwaka 2007 tunao mpangilio wa jenomu yake, yaani DNA yake yote, uliosomwa kutoka mzabibu wa ukoo wa Pinot Noir na watafiti wa Ufaransa na Italia, wenye jeni takriban 30,000. Lakini hoja kubwa ilitangulia jenomu. Mwaka 1996 Alain Bouquet na Yves Danglot, huko Montpellier, Ufaransa, walipendekeza kwamba kukosa mbegu kunatawaliwa na jeni moja tawala, ambayo nakala yake moja inatosha kuonekana, inayodhibiti nyingine tatu fichika, ambazo huhitaji nakala mbili. Hiyo jeni tawala ikapewa jina la kifupi SDI, yaani kizuizi cha ukuaji wa mbegu. Baadaye ikabainika kuwa iko kwenye kromosomu ya 18.

Kukijua chumba si kumjua mwizi. Mwaka 2011 watafiti wa Chile wakiongozwa na Nilo Mejía walimnyooshea kidole mshukiwa mmoja, jeni iitwayo VviAGL11, wakidhani kasoro iko kwenye sehemu inayowasha na kuzima jeni. Mwaka 2018 Carolina Royo na wenzake nchini Hispania walichukua watoto wa Crimson Seedless, aina nyingine isiyo na mbegu, wakabana eneo hadi herufi 323,000 hivi za DNA, wakabakiwa na jeni mbili za kushukiwa, kisha wakazisoma jeni hizo katika aina 124 za mizabibu. Badiliko moja tu lilifuatana na stenospemokapi bila kukosa hata mara moja. Ni herufi moja ndani ya VviAGL11 yenyewe, inayosababisha asidi amino ya 197 ya protini kuwa leusini badala ya aginini. Swichi haikuwa na hatia.

Ushahidi ninaoupenda zaidi ulitoka kwenye mimea iliyogeuka. Sultanina mara chache hutoa matawi yanayozaa tena mbegu kamili. Matawi hayo ni Sultanina kwa kila kitu kingine, ila ile herufi moja nayo imebadilika. Ugonjwa na dawa viko mahali pamoja, na hakuna mtafiti aliyegusa chochote.

VviAGL11 hufanya kazi gani? Hutoa protini inayoongoza jeni nyingine, na kwenye mbegu ya mzabibu ndiyo inayosimamia ujenzi wa tabaka la ndani la ganda, lile linalojazwa lignini, kile kinachougumisha mti, mpaka meno yanagoma. Likikosekana, ganda linabaki laini, na ndipo unapopata vile vitu vinavyopondeka kwa ukucha. Utafiti wa 2018 ulionyesha jambo jingine la kushangaza: kwenye masalia ya mbegu, mfumo wa kinga unaotumia asidi ya salisiliki unawashwa, kana kwamba mmea unajishambulia wenyewe.

Nitoke nje ya mizabibu kidogo, mtanivumilia. Mchikichi una ndugu wa jeni hii, na mwaka 2013 ilithibitishwa kwamba ndiye anayeamua unene wa kifuu cha kokwa ya chikichi. Mchikichi wenye nakala mbili nzima una kifuu kinene. Wenye nakala mbili zilizoharibika hauna kifuu na kwa kawaida ni tasa upande wa kike. Ule wenye moja nzima na moja mbovu una kifuu chembamba na mafuta mengi zaidi, na ndio unaopandwa kwenye mashamba makubwa. Mimea miwili isiyokaribiana kabisa, na mwanadamu, bila kujua jeni ni nini, ameichagua familia ileile kwa sababu ileile: hakutaka kitu kigumu ndani ya tunda.

Linabaki swali la utawala wa jeni hii. Sultanina ina nakala moja mbovu tu, nyingine ni nzima. Kwa nini ile nzima isitoshe? Maelezo yenye mantiki ni kwamba protini za familia hii hazifanyi kazi peke yake; hushikana mbilimbili na nnenne ndipo zikaishika DNA. Watu wanne wakibeba kitanda na mmoja akaachia mguu wake, wale watatu wazima hawakifikishi kitanda. Nakala mbovu inaharibu kazi ya nzima kwa kujiunga nayo.

Utawala huu umewapa wazalishaji wa aina mpya raha na karaha. Raha ni kwamba chavua ya Sultanina ni nzima, kwa hiyo inaweza kuwa baba. Karaha ni kwamba mama ilibidi awe na mbegu, la sivyo mtoto atatoka wapi? Na kwa kuwa zile jeni nyingine nazo zinataka kukubaliana, watoto wasio na mbegu walikuwa wachache. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, huko Fresno, California, David Ramming na Richard Emershad walionyesha namna ya kuiwahi ovuli kabla kiinitete hakijafa: unaitoa kwenye tunda changa, unailaza kwenye chupa yenye virutubisho, kiinitete kinaendelea, mche unapatikana. Tangu hapo wazazi wote wawili wanaweza kuwa wasio na mbegu. Na siku hizi, badala ya kungoja mche uzae, miaka mitatu au zaidi, unachuma jani lake moja na kulipima ile herufi.

Je, kipimo kimemaliza kazi? Hapana. Miche miwili yenye herufi ileile inaweza kutofautiana: mmoja masalia hayahisiki ulimini, mwingine yanatafunika vizuri tu, kwa sababu jeni za pembeni zinaamua mbegu ikome mapema au ikome ikiwa imechelewa. Na kuna shida kubwa kuliko hiyo ya ulimi. Karibu zabibu zote za mezani zisizo na mbegu zimerithi kasoro yao kwa Sultanina mmoja, na Sultanina haina kinga dhidi ya ugonjwa wa kuvu uitwao ubwiri unga. Kinga ipo kwa mzabibu wa porini wa Amerika, Muscadinia rotundifolia, kwenye jeni iitwayo Run1, kromosomu ya 12. Aliyetumia miaka mingi kuihamishia kwenye mzabibu wa kawaida, kizazi baada ya kizazi, ni Alain Bouquet yuleyule. Kromosomu ya 12 na ya 18 zinarithiwa kila moja kivyake, kwa hiyo mche mmoja unaweza kuzipata zote mbili, na kazi inayoendelea mashambani na maabara ni kuipata miche hiyo kisha kuondoa ladha ya porini iliyokuja nayo.

Mwenyekiti, nimeona mkono umeinuliwa pale nyuma kwa muda mrefu. Karibu.