Nani Atangulie? Kipaumbele na Rundo katika Magic: The Gathering

Karibuni mezani, watazamaji wa hapa Moshi na kwingineko. Leo tunashughulikia swali linalozusha ubishi mwingi katika mchezo wa karata wa Magic: The Gathering: karata mbili zikichezwa kwa kufuatana, ni ipi inayofanya kazi kwanza?

Tafuta karata tatu kama hizi nilizozipanga. Grizzly Bears ni dubu, kiumbe mwenye nguvu 2 na uimara 2, yaani pigo la 2 linatosha kumuua. Lightning Bolt hutoa pigo la 3. Giant Growth humwongezea kiumbe 3 kwa 3, yaani nguvu 3 na uimara 3, hadi zamu iishe. Dubu ni wa mpinzani, na zamu ni yako.

Kwanza, kwa kuwa mwenye zamu ndiye anayeanza kupewa kipaumbele, yaani nafasi ya kucheza karata, tangaza Lightning Bolt, mtaje dubu kuwa mlengwa, lipa mana (nishati ya kuchezea karata), kisha uilaze karata katikati ya meza. Usimguse dubu. Karata hiyo haijatenda lolote bado; imeingia tu kwenye rundo, yaani mahali karata zinapolaliana zikisubiri kutekelezwa.

Pili, sema waziwazi kwamba unampisha mpinzani, kisha umsubiri. Naomba hapa mtulie, kwani anayekimbilia kumwondoa dubu anamnyima mwenzake haki ya kujibu.

Mpinzani sasa anaweka Giant Growth juu ya karata yako. Nyote mkipisha bila kuongeza karata, hutekelezwa karata moja tu, ile ya juu, kama vile abiria wa Hiace aliyepanda mwisho na kukaa mlangoni anavyotangulia kushuka. Dubu anakuwa 5 kwa 5. Kipaumbele kinarudi kwako kabla pigo halijafika, hivyo bado unaweza kuongeza karata nyingine. Mkipisha tena, dubu anapigwa 3 na kubaki hai.

Tatu, rudieni zoezi kinyume. Mpinzani akitangulia kucheza Giant Growth nawe ukajibu kwa Lightning Bolt, dubu anakufa angali 2 kwa 2, na Giant Growth inapotea bure kwa kukosa mlengwa. Karata ni zilezile; aliyesubiri ndiye aliyefaidika.

Mchezo huu ulitoka mwaka 1993, lakini rundo lililetwa na kanuni za mwaka 1999, kwa hiyo msishangae mchezaji wa zamani akiwaeleza utaratibu tofauti.

Kumbukeni pia kwamba kuweka ardhi (karata inayotoa mana) mezani, au kuchota mana kutoka kwenye ardhi hiyo, hakupiti kwenye rundo. Mpinzani akitaka kujibu tendo hilo, mweleze kwa upole kwamba hapo hana nafasi.