Prodyuza akificha ufundi wake, nani anafaidika?

Haya asanteni, tuanze manake muda wenyewe mfupi. Nimeombwa niongelee kama mtengenezaji wa muziki wa elektroniki anatakiwa aoneshe anavyofanya kazi au afiche, na najua humu ndani mpo wa aina zote, kuna yule anayeposti kila kitu mpaka setingi za kompresa, na kuna yule ukiingia tu studio anafunga laptop haraka kama umemfumania. Sijaja kuwapatanisha. Mimi swali langu ni moja, hiyo siri ikishawekwa inamlinda nani?

Kuna kisa kinanichekesha mpaka leo. 1998 mwimbaji wa Marekani Cher katoa wimbo wa Believe, ile sauti inarukaruka kama roboti, kila mwenye studio anajiuliza wamefanyaje pale. Kumbe ni Auto-Tune, programu iliyokuwa na mwaka mmoja tu sokoni, kazi yake ni kunyoosha sauti ya mwimbaji kimya kimya msikilizaji asishtuke, maprodyuza wake wakaiwekea spidi ya kurekebisha iwe sifuri, basi, noti haitelezi tena, inaruka. Sasa 1999 maprodyuza wakahojiwa na jarida la Sound on Sound, wakasema ni vokoda, mashine nyingine kabisa ya kuchanganya sauti ya mtu na sauti ya ala. Na mashine wakaitaja kabisa! Hebu fikiria mtu kasoma pale, kajichanga, kanunua hiyo vokoda, anakesha nayo anazungusha vitufe na ile sauti haiji. Hapo ndo nagombana na wanaosema siri ni siri tu. Kunyamaza ni haki yako, hudaiwi maelezo na mtu yeyote, ila kumwelekeza mwenzako njia ya uongo kwenye jarida ambalo watu wanalinunua ili wajifunze, hapana, huo si usiri tena huo. Na wala haikusaidia kitu, ujanja ukajulikana, miaka ya 2000 mwimbaji T-Pain akaja akautumia wazi wazi ukawa ndo utambulisho wake.

Alafu angalia kitu kingine kwenye hicho kisa. Kilichofichwa ni namba moja kwenye programu ambayo kila mtu angeweza kuinunua. Nimeona hii mara nyingi, ujanja ukiwa mdogo ndo kufuli linakuwa kubwa, manake ukitamkwa kwa sentensi moja umekwisha. Ila mwenye kazi ya tabaka kumi na tano za sauti anakupa faili lote la projekti na bado huwezi kutoa kitu kama chake, utajua alichofanya ila hutajua kwa nini aliachia pale.

Sasa siri za ma-DJ wa zamani mimi naziheshimu kidogo. DJ Kool Herc kule Bronx, New York, miaka ya 70 alikuwa analoweka sahani za santuri lebo zinabanduka, wapinzani wasijue anapiga wimbo gani. Sawa, ule ni ushindani, mtu kazunguka madukani kachimbua mwenyewe, mwache awatangulie wenzake kidogo.

Ila kuna siri ambayo mwenye kazi hakuiomba. Delia Derbyshire, BBC, kile kitengo chao cha kutengeneza sauti za elektroniki, Radiophonic Workshop. 1963 analetewa noti za wimbo wa kufungulia kipindi cha TV cha Doctor Who, mtunzi ni Ron Grainer, na hakuna sinthesaiza, yaani ala ya kutengeneza sauti kwa umeme, ya kununua wakati huo, kwa hiyo anarekodi waya ukipigwa, anarekodi milio ya osileta, vile vifaa vya umeme vinavyotoa mlio mmoja, anaipandisha na kuishusha kwa kubadilisha spidi ya tepu, anakata vipande kwa wembe noti moja moja anaviunganisha, na kwa kuwa hawana mashine ya traki nyingi, ya kurekodi sauti kadhaa sambamba, wanaziwasha mashine kadhaa kwa pamoja wanaomba Mungu zisipishane. Grainer aliposikia hakuamini kama ni yeye kaandika kile kitu, akataka Derbyshire ahesabiwe mtunzi mwenza. BBC ikakataa, utaratibu wao ulikuwa wafanyakazi wa kitengo wasitajwe majina. Derbyshire kafariki 2001. Jina lake lilikuja kuonekana kwenye skrini ya kile kipindi 2013, miaka 50 baadaye. Hapa ufundi haukuibiwa na mpinzani yeyote, uligeuzwa kuwa wa taasisi, na taasisi haina masikio jamani, haijawahi kukata tepu hata siku moja.

Mtu ataniambia, nikionesha nitakula nini? Mjibu kwa kisa cha John Chowning. 1967 yupo Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, anagundua kwamba ukitikisa frikwensi ya wimbi moja kwa wimbi lingine, kwa kasi kubwa, unapata sauti tajiri kwa hesabu ndogo tu. Yamaha, kampuni ya vyombo vya muziki, wakachukua leseni, 1973 yeye akachapisha maelezo yote, hesabu zipo pale mtu yeyote asome, hataza, yaani haki ya ugunduzi, ikatoka 1977, na 1983 ikaja DX7, sinthesaiza ya Yamaha, iliyouzwa zaidi ya laki moja. Chuo kikavuna mamilioni ya dola. Hesabu ziko wazi na hela imeingia, vyote viwili. Na cha kushangaza wengi walioinunua hawakuhangaika kuiprogramu, walibonyeza ile preseti, sauti iliyokuja tayari ndani, ya piano ya umeme tu, ndo maana nyimbo za mapenzi za miaka ile zinafanana.

Kwa hiyo mimi setingi zangu ukiniuliza nakupa. Kinachonikera zaidi ni kuficha sampuli, kile kipande ulichokata kwenye wimbo wa mwingine, imetoka kwa nani. Chukua wimbo Amen, Brother wa bendi ya The Winstons, 1969, zile sekunde chache za dramu peke yake, alizipiga Gregory Coleman. Jungle na drum and bass, mitindo ya muziki wa dansi wa Uingereza, zimejengwa juu yake, watu wamezikata, wamezikimbiza, wamezigeuza nyuma mbele, na hakulipwa kwa matumizi hayo. 2015 ma-DJ wawili wa Uingereza wakaanzisha mchango mtandaoni kwa ajili ya Richard Spencer, kiongozi wa bendi, zikapatikana kama pauni 24,000. Coleman alikuwa ameshafariki tangu 2006, hana hata makazi.

Haya, nani ana swali?