Jumapili kwa majirani zangu Wamormoni hapa Utah, na swali linalotuhusu Waafrika

Habari zenu jamani, na shikamooni wakubwa zangu mnaonifuatilia kutoka Moshi, Mwanza, Mombasa, Bukavu, na nyie ndugu zetu mlioko Oman. Karibuni tena.

Kila nikiweka video ya Salt Lake City, swali ni lile lile: dada, unaishije na Wamormoni, si wana wake wengi wale? Nalijibu haraka. Kanisa lilitangaza kuachana na mitala mwaka 1890, na leo muumini akioa mke wa pili anatengwa. Vipo vikundi vidogo vilivyojitenga ambavyo bado vinaoa wengi, lakini si hawa majirani zangu. Halafu tangu 2018 viongozi wao wamekuwa wakiomba sana waitwe Watakatifu wa Siku za Mwisho, kwa hiyo nikilitumia lile jina la mtaani mniwie radhi, nalitumia ili mjue ninaowasema.

Mimi ni Mlutheri, na nitabaki Mlutheri. Lakini nimekaa nao, nimeingia kanisani kwao, na kuna kitu nataka mkione jinsi ninavyokiona mimi: wale watu wanasoma. Muumini wa kawaida kabisa anasoma.

Kwanza, kwenye kata yao, yaani usharika wao, hakuna mchungaji wa mshahara. Askofu ni mtu kama wewe, anaweza kuwa daktari wa meno, anaweza kuwa fundi bomba, Jumatatu asubuhi yuko kazini kwake. Baada ya miaka kama mitano anapumzishwa, anapewa mwingine. Sasa mahubiri anatoa nani? Waumini wenyewe. Unapewa mada kabla, unakwenda kujiandaa. Nimemwona binti wa sekondari amesimama mimbarini, karatasi inamtetemeka mkononi, anaeleza sura ya 32 ya Alma kwenye Kitabu cha Mormoni, andiko lao takatifu pamoja na Biblia, ile ya imani kama mbegu. Akafika mahali akasema, mstari huu bado sijauelewa, naendelea kuuombea. Akaendelea. Watu wazima wametulia wanamsikiliza, na baba mmoja mbele yangu akatoa kalamu akauandika ule mstari. Nilipenda sana. Kwetu mtoto wa umri ule tungempa aimbe kwaya tu.

Jumapili ya kwanza ya mwezi wanafunga, fedha ya chakula wanaitoa kwa wenye shida, na siku hiyo hakuna aliyepangiwa kuzungumza. Anayetaka anasimama, anatoa ushuhuda wake, anakaa.

Jirani yangu, mama mtu mzima, ana kitabu kinene cha ngozi, ndani yake Biblia, Kitabu cha Mormoni, Mafundisho na Maagano, na Lulu ya Thamani Kuu, vyote vimeshonwa pamoja. Kanisa zima duniani linasoma sehemu moja kwa wiki, na kwa miaka minne wanakuwa wamezunguka vyote. Pembeni mwa kurasa zake kumejaa penseli: nyekundu, bluu, tarehe, alama za kuuliza. Alama za kuuliza nyingi tu! Nikamuuliza, hizi si dhambi? Akaniambia kwao Mungu anataka utafute kwa kusoma na kwa imani, vyote viwili.

Basi nikamuuliza swali letu. Nilikuwa nalo moyoni siku nyingi: mbona mlitunyima?

Kwa msiojua: kuanzia 1852, Brigham Young, rais wa pili wa kanisa, alipolitangaza zuio hadharani, wanaume weusi hawakupewa ukuhani, ambao kwao hata muumini wa kawaida mwanamume hupewa, na weusi wote, wanaume kwa wanawake, walizuiwa ibada kuu za hekaluni, jengo takatifu lililo tofauti na kanisa la Jumapili. Mpaka Juni 1978. Na hapo mwanzo haikuwa hivyo. Elijah Able, mtu mweusi, alipewa ukuhani mwaka 1836, Joseph Smith, mwanzilishi wa kanisa, akiwa hai. Kuna na mama mmoja, Jane Manning James. Mwaka 1843 yeye na ndugu zake walikataliwa meli huko Buffalo, wakatembea kwa miguu mamia ya maili mpaka Nauvoo, Illinois. Mwaka 1847 akafika bonde hili la Salt Lake. Uzeeni aliwaomba viongozi tena na tena apewe baraka za hekalu. Mwaka 1894 wakamuunganisha na familia ya Joseph Smith kama mtumishi. Mtumishi, jamani. Alifariki 1908 bado anasubiri, na imani hakuiacha.

Nani aliyekwenda kuchimba ilikotoka ile sheria? Lester Bush, muumini, daktari wa tiba, siyo mwanahistoria wa kuajiriwa. Alikusanya nyaraka miaka na miaka, na mwaka 1973 jarida la waumini wasomi, Dialogue, lililoanza 1966, likachapisha makala yake ndefu iliyoonyesha kwamba hakuna ushahidi kuwa zuio lilianza na Joseph Smith. Wakati huohuo, huko Nigeria na Ghana, tangu miaka ya 1960 kulikuwa na watu waliokisoma Kitabu cha Mormoni wenyewe, wakaanzisha makanisa bila mmisionari hata mmoja, wakawa wanaandika barua makao makuu ya kanisa, Salt Lake City, kuomba waletewe wamisionari. Rais wa kanisa, Spencer Kimball, alipotangaza 1978 kwamba zuio limeondolewa, Waafrika hao walikuwa tayari wanangoja kubatizwa.

Mwaka 2013 kanisa lenyewe likaandika kwamba linazikataa zile nadharia za zamani zilizodai kwamba ngozi nyeusi ni laana. Neno la kuomba radhi halimo. Mimi naona lingepaswa kuwemo, na jirani yangu alinijibu hivyohivyo, bila kuzunguka.

Na kuchimba kuna gharama. Septemba 1993 wasomi sita waliadhibiwa na kanisa, watano kati yao wakatengwa. Wapo walioumia mpaka leo. Siwezi kuwasifia kusoma kwao nikalificha hilo.

Sasa wenzangu, hekalu la Nairobi limewekwa wakfu Mei 2025, la Kinshasa tangu 2019, na Kitabu cha Mormoni kipo kwa Kiswahili. Kwa hiyo mlioko kwenye kanisa hili huko nyumbani, niandikieni hapo chini: darasa lenu la Jumapili likoje? Watu wanauliza, au mwalimu anasoma wengine wanaitikia? Na habari za huyu mama Jane, mmewahi kufundishwa?