"Niandikie Mwaliko Tu": Jibu Langu kwa Mnaouliza Mbona Simleti Mama Ulaya

Haya jamani, karibuni. Leo naongelea jambo moja, maana kila nikiweka video, iwe ya theluji, iwe ya bei ya vitunguu, chini yake nakuta swali lile lile: "Dada, miaka yote uko Ujerumani, mbona hujamleta mama atembee hata mwezi?" Na pacha wake: "Dada, niandikie mwaliko tu, mengine nitajua mwenyewe."

Najua nikitaja hela nitaambiwa naringa. Nikitaja ugumu nitaambiwa nimeshafika, sasa nawakatisha wengine tamaa. Basi nisikilizeni mpaka mwisho ndiyo mniandikie. Ninachosema ni cha viza ya kutembelea ndugu, isiyozidi siku 90, kuja Ujerumani, kwa mwenye pasipoti ya Tanzania. Viza ya kazi, ya masomo na ya ndoa ni habari nyingine kabisa. Mkenya na Mganda, kanuni za Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, ni zile zile, ila orodha ya nyaraka ya ubalozi wa kwenu isome mwenyewe, na ya mwaka huu, si ile aliyokutumia rafiki.

Hilo neno "mwaliko tu" ndilo linaloniuma. Barua ya kuandika mezani na kusaini inaeleza nani anakuja, lini, na atalala wapi. Haimlipii mtu chochote. Kama mgeni hana fedha zake za kutosha, ubalozi unataka karatasi inayoitwa Verpflichtungserklärung, yaani hati ya dhamana, na hiyo siandiki mimi. Inatolewa na ofisi ya wageni ya mji ninaoishi, kwa miadi, mwenye dhamana akiwa amekaa pale mwenyewe, na ada yake ni euro 29. Katika miji mikubwa miadi inasubiriwa wiki kadhaa. Unakwenda na pasipoti, kadi ya ukaazi, slipu za mshahara, kwa kawaida za miezi 3 ya mwisho, mkataba wa pango, na majina ya mgeni, tarehe yake ya kuzaliwa na namba ya pasipoti kama zilivyoandikwa kwenye pasipoti yenyewe. Ndiyo maana nikiomba picha ya ukurasa wa pasipoti nisitumiwe namba kwa mdomo kwenye simu. Herufi moja ikikosewa, hati inarudiwa na euro 29 nyingine zinatoka.

Wanaangalia mshahara unaobaki mkononi baada ya makato, kisha wanatazama una watu wangapi unaowalea hapa. Mwenye mke na watoto wawili anatakiwa awe na kipato kikubwa kuliko mtu anayeishi peke yake, kwa mgeni yule yule mmoja. Kwa hiyo ukisikia fulani kawaleta wazazi wote wawili na mwingine kashindwa kumleta hata mmoja, usikimbilie kusema huyu ana roho mbaya. Na kwenye hati kuna sehemu ya kuonyesha uwezo wa kifedha wa mwenye dhamana. Neno linalotakiwa pale ni "nachgewiesen", kwamba uwezo umethibitishwa. Likiwa "glaubhaft gemacht", maana yake ameeleza na imeonekana inaingia akilini, na kwenye dirisha la viza hilo ni jambo dhaifu. Kabla hujanyanyuka kwenye kiti cha ofisi, soma hapo.

Sasa uzito wake. Ukisaini, umekubali kulipa chakula, malazi, matibabu, hata gharama za kumrudisha mgeni kwao kwa nguvu ikifikia hapo. Kisheria dhamana hiyo inaweza kukufuata hadi miaka 5 tangu mgeni alipoingia, na mgeni akiingia halafu akaomba ukimbizi, haikomi kwa sababu tu amekubaliwa. Jimbo linaweza kukuletea bili ya fedha zote zilizotumika. Kwa hiyo mtu ambaye sijui hata anakaa mtaa gani akiniandikia "dada nisaidie mwaliko, nikifika nitajipanga", anaomba niweke mshahara wangu wa miaka rehani. Sisemi hivi kwa dharau. Nasema kwa sababu inaumiza kuitwa mchoyo kwa karatasi ambayo anayeiomba hajaelezwa ina nini ndani.

Haya, hati ikishatoka, ubalozi unataka nakala halisi, si picha ya WhatsApp. Inatumwa kwa kampuni ya vifurushi, na itumike ndani ya miezi 6 tangu ilipotolewa. Hapo ndipo wengi wanaharibu mpangilio: wanakimbilia dhamana, kumbe mama hata pasipoti hana, au miadi ya viza iko mbali. Anzeni na pasipoti. Ya Tanzania ni shilingi 150,000, na kwa safari ya Schengen iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na muda wa angalau miezi 3 baada ya siku ya kuondoka Ulaya, na kurasa 2 tupu. Halafu tafuteni miadi ya viza. Maombi yanapokelewa mapema kabisa miezi 6 kabla ya safari, na mwisho siku 15 kabla. Majibu kwa kawaida ni ndani ya siku 15, lakini wanaruhusiwa kufika 45. Mimi ningeweka miezi 3 kamili, ila hayo ni maoni yangu, kila mtu na hali yake.

Ada ya viza tangu Juni 2024 ni euro 90 kwa mtu mzima, 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, chini ya hapo bure. Inalipwa kwa fedha za nyumbani kwa kiwango cha ubadilishaji cha ubalozi, na ukikataliwa hairudi. Palipo na kituo cha wakala kuna ada ya huduma juu yake. Kwa mtu mmoja, dhamana na viza peke yake ni euro 119, bado bima, bado nauli, bado kutuma karatasi.

Bima ndogo inayokubalika ni inayofidia gharama hadi euro 30,000, ikihusu matibabu ya dharura na kumrudisha mgonjwa au maiti nyumbani, kwa nchi zote za Schengen, kwa siku zote za safari. Kwa wazee bei inapanda, na makampuni mengine yana ukomo wa umri. Chagua inayorudisha fedha ukionyesha barua ya kunyimwa viza. Na msome maandishi madogo: presha na sukari alizotoka nazo nyumbani kwa kawaida haziingii. Dawa za siku zote za safari na wiki moja ya ziada ziwe kwenye mkoba wa mkononi, katika boksi zake, na barua ya daktari kwa Kiingereza.

Sasa nafika kwenye kitu kinachonyima watu wengi viza, na karibu hakuna anayeniuliza. Dhamana yangu inajibu swali la nani atalipa. Haijibu swali la mgeni atarudi au hatarudi, na kwenye barua za kukataliwa sababu hiyo ya mashaka ya kurudi inaonekana sana. Jibu lake liko Tanzania, si kwangu. Mwajiriwa alete barua ya mwajiri yenye cheo, mshahara, tarehe za likizo na tarehe ya kurudi kazini. Na hapa fikirini: sheria yetu ya kazi inampa mtu likizo ya mwaka ya siku 28. Ukiomba viza ya siku 90 ukiwa na barua ya likizo ya siku 28, umejipinga mwenyewe kwenye karatasi. Omba siku 21 au 28, urudi, na safari ya pili historia yako itakusemea.

Mwenye biashara: usajili wa BRELA, TIN, leseni ya biashara, risiti za kodi za TRA, na taarifa ya benki ya miezi 3 yenye muhuri. Mstaafu alete taarifa ya pensheni. Na mama zetu wa kijijini, ambao wengi wanadhani hawana cha kuonyesha, wanacho: stakabadhi za AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, za kahawa au korosho, hati ya kimila ya shamba, barua ya mtendaji wa kijiji, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na wajukuu anaowaacha nyumbani, au cheti cha ndoa kama baba anabaki. Tafsiri ya Kiingereza au Kijerumani iambatanishwe na kila kilichoandikwa kwa Kiswahili.

Taarifa ya benki isipambwe. Akaunti ya laki mbili miezi yote, halafu wiki moja kabla ya miadi zinaingia milioni nane, afisa haoni utajiri, anaona mkopo. Kama ni hela halali, ya kuuza kiwanja au mchezo wa kikoba, weka karatasi ya mauzo au barua ya kikundi pembeni. Na vishoka wanaouza stetimenti za kutengeneza kompyutani, wakimbieni. Ubalozi unaweza kuuliza benki. Karatasi ya kughushi inakunyima viza hii, na inabaki kwenye kumbukumbu ukija kuomba nyingine.

Tarehe na majina. Mama kwenye pasipoti ni Fatma, kwenye cheti changu cha kuzaliwa ni Fatuma, afisa atajuaje ni mtu mmoja? Hati ya kiapo ya majina inatengenezwa mapema kwa wakili, si asubuhi ya miadi. Halafu panga karatasi zote mezani uangalie tarehe: fomu, barua ya mwenyeji, buking ya ndege, bima, likizo. Zote zianze siku moja na kuisha siku moja. Tiketi msilipe kabla ya viza, buking inatosha. Wanaolipia tiketi wakidhani inamshawishi afisa wanapoteza nauli.

Kuna wanaonishauri, "pitia nchi fulani, wao wanatoa haraka." Kanuni inasema unaomba nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana ndipo unaomba unayoingia kwanza. Ukichukua viza ya nchi moja ukaenda kulala mwezi mzima nchi nyingine, mpakani wanaweza kukuuliza na kukufutia. Na kwa wenye shangazi London: Uingereza haimo Schengen, Ireland haimo. Viza hii haikufikishi huko.

Viza ikitoka, isomeni stika kabla hamjashangilia. Kuna tarehe za kuanzia na kuishia, na kuna idadi ya siku. Hivyo ni vitu viwili. Stika inaweza kuonyesha nafasi ya siku 45 lakini siku za kukaa zikawa 30, na 30 ndizo zako. Siku ya kuingia inahesabiwa, ya kutoka inahesabiwa. Hata aliyepewa 90 asiziite miezi mitatu: tarehe 1 Julai hadi 30 Septemba ni siku 92. Zamani watu walitegemea muhuri usiosomeka, lakini tangu Oktoba 2025 mfumo wa EES umeanza kuandika kuingia na kutoka kwa kompyuta, na siku zinajihesabu. Idadi ya kuingia ikiwa 01, mama akitoka kwenda Uingereza kumsalimu shangazi, kurudi Ujerumani hawezi.

Mkikataliwa, barua ina sababu zilizowekewa alama. Msiitupe kwa hasira. Zamani uliandika barua ya kupinga, bure, na ubalozi ukaangalia upya. Ujerumani iliufuta utaratibu huo tarehe 1 Julai 2025. Sasa ni mahakama ya utawala ya Berlin, ndani ya muda ulioandikwa kwenye barua, au kuomba upya kwa ada mpya. Kwa safari ya kutembea, wengi ninaowashauri naona kuomba upya kunawafaa zaidi, ikiwa tu mmeongeza kitu kinachojibu ile sababu. Kurudisha bahasha ile ile ni kutoa euro 90 nyingine mkanyimwe tena.

Siku ya safari, nakala za dhamana, bima, barua yangu na tiketi ya kurudi zikae kwenye mkoba wa mkononi, pamoja na namba yangu ya simu kwenye karatasi. Kama ndege inapitia Amsterdam, ukaguzi wa pasipoti ni Amsterdam, wakati sanduku liko tumboni mwa ndege.

Na mizigo, kwa sababu mnanitajia zawadi na nawashukuru kwa moyo wote. Nyama ya kukausha, samli na maziwa ya mgando haviruhusiwi kuingia Umoja wa Ulaya, hata kidogo cha kuonja. Asali inaruhusiwa hadi kilo 2. Matunda mabichi yanatakiwa yawe na cheti cha afya ya mimea, hivyo maembe na maparachichi mwacheni mama asihangaike nayo. Yasiyohitaji cheti ni nanasi, nazi, ndizi, tende na duriani. Nazi, mama, nazi leta.